Aliyebisha Hodi Hekaluni

Usiniamini ukitaka, lakini mimi nilikuwepo, mchana kweupe, na akili zangu timamu. Neno moja tu nililolitamka siku ile ndilo lililonikosesha mke.

Kazi yangu hapa Brussels ni kutunza wazee. Niliyemtunza kwa muda mrefu ni Bi Kokila wa mtaa wa Uccle, Mhindi aliyezaliwa Tanga kama mimi, mwenye Kiswahili cha kunitia aibu. Chai yangu aliiita maji ya kuoshea sufuria. Mwaka juzi aliniomba nimsindikize India akaage hekalu moja la kale, lililo kisiwani katikati ya mto Narmada. Ningekataaje? Nikaondoka nyumbani Koekelberg nikimwahidi mke wangu bangili.

Tulivuka kwa mashua. Ngazi za mawe zilimshinda Bi Kokila, akabaki chini na mwenye mashua, akanipa maua nimpelekee mungu wake.

"Gonga kengele, weka maua, urudi," akaniambia. "Usizubae."

Nikavua viatu, nikapanda. Ilikuwa saa ya chakula, hekaluni hamna mtu. Mawe yalikuwa ya baridi, yamelainishwa na nyayo za watu wa karne na karne. Niligonga kengele, nikainama kuweka maua. Nyuma yangu sauti ya mwanamume ikasema, "Hodi."

Sasa niambie wewe uliyelelewa pwani, ungefanya nini? Ulimi ulitangulia akili. Nikajibu, "Karibu."

Nikageuka. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, anachuruzika maji mwili mzima.

"Ahsante," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. "Nimebisha miaka mingi."

Akatoka. Nilipomfuata nje sikumwona, ila alama za nyayo za maji zilishuka ngazi moja moja mpaka pale nilipoacha viatu vyangu, zikaishia hapo. Nilipovivaa vilikuwa vimelowa ndani. Haki ya Mungu, siongezi hata chembe.

Bi Kokila nilipomweleza alinishika mkono kwa nguvu nisizozijua. "Umemjibu?" Nikasema nimemkaribisha. Akalia. Yule alikuwa mumewe. Mashua yao ilipinduka palepale zamani, wakitoka kuomba, na mwili wake haukupatikana.

"Kila nikija hunibishia, nami hunyamaza," akasema. "Sikudhani angekubishia wewe."

Tuliporudi Brussels haikupita wiki. Saa kumi jioni, mlangoni kwetu: "Hodi." Mke wangu, mtu wa Bukavu, akafungua akakuta ngazi tupu na maji sakafuni. Kesho yake tena. Siku ya tatu sauti ilitoka ndani, kwenye korido. Tuliita mchungaji, tukaita na shehe, wote walikunywa chai wakaomba, na kesho yake saa kumi sakafu ikalowa vilevile.

"Bon, ule muntu ni weye ulimwita," mke wangu akaniambia akifunga sanduku. "Mimi siwezi kuikala na muntu wa kufa mu nyumba." Akaenda kwa dada yake, Berchem-Sainte-Agathe. Simu zangu hapokei.

Nilimsihi Bi Kokila amwite mumewe. Alijaribu, maskini. Kila saa kumi alikaa mbele ya mlango wake akisema karibu, karibu, mpaka sauti ikakatika. Hakuja. Nadhani mgeni humwendea aliyemkaribisha kwanza, na huyo ni mimi.

Bi Kokila alifariki majani yalipoanza kuanguka. Nilimlilia kama mama yangu, lakini nakiri kwa aibu kwamba moyoni nilipata nafuu, nikidhani sasa yule mgeni atamfuata mkewe. Siku ileile maiti yake ilipochomwa kwa mila yao nilifika nyumbani, hata koti sijavua, nikasikia hodi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiwa ugenini ukasikia hodi mahali ambapo mlango si wako, uma ulimi. Bora uonekane huna adabu. Mimi nilijikaza miezi yote hiyo nisimjibu, lakini jana nimemjibu tena. Nyumba ilikuwa kimya mno.