Baba Alipofunga Pacha Mgongoni

Enzi zetu pale Gitega, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya, mchana ulitosha michezo yote. Wavulana walisuka mipira kwa majani makavu ya migomba, sisi wasichana tuliruka kamba mpaka vumbi jekundu likatupanda magotini, na harufu ya maharage ndiyo iliyoturudisha nyumbani. Watoto wa leo ukiwazimia simu wanasema wanaumwa.

Baba yangu alikuwa Mkongomani wa upande wa Uvira, mshonaji nguo na mwimbaji wa sauti nene kanisani. Mama alikuwa wa Gashoho, kule Muyinga. Mimi nikiwa bado shule ya msingi, Mama alijifungua mapacha, na baada ya hapo miguu ikakataa kumbeba. Alilala kitandani msimu mzima wa mvua.

Basi Baba akashika jiko. Ugali wake wa kwanza tuliunywa. Mboga ya lengalenga aliitia chumvi mpaka tukakimbilia mtungi. Lakini hakuacha. Asubuhi alichota maji, akamwogesha Mama, akafua vitambaa vya watoto na kuvianika mbele ya nyumba mchana kweupe, huku akiimba. Pacha mmoja alimfunga mgongoni kwa kitenge cha Mama, akakaa kwenye cherehani hivyo hivyo. Mtoto aliupenda ule mtikisiko, akasinzia.

Mtaa ulicheka. Jirani yetu Mzee Saidi, fundi wa baiskeli, alisimama mlangoni akamwita Baba kwa jina langu: "Baba Furaha, we utatuharibia wake zetu. Wangu jana kaniuliza mi nitafua lini." Baba alicheka kuliko yeye. Kesho yake mke wa Mzee Saidi alitupikia pilau, na aliyebeba sufuria mpaka kwetu ni Mzee mwenyewe.

Siku moja baba mkubwa, kaka yake Baba, alifika kutoka Uvira. Huyo hakucheka. Alikaa sebuleni akaongea kwa sauti ambayo Mama, nyuma ya pazia, aliisikia yote.

"Mdogo wangu, unatuaibisha. Huyu mwanamke umrudishe kwao Gashoho, wamtunze wao. Ukoo utakutafutia mwingine mwenye nguvu."

Nilikuwa nimempakata pacha wa pili, nikaogopa hata kupumua. Baba hakuwahi kumpinga kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki.

"Kaka, mi nakuheshimu," alisema taratibu. "Lakini siku ya ndoa pasta hakuniuliza kama huyu mwanamke iko na nguvu. Aliniuliza kama nitampenda, na we ulikuwa hapo. Kristo hakulirudisha kanisa, bibi arusi wake, kwao lilipougua. Mi nitamrudisha wangu namna gani?"

Baba mkubwa akauliza kama chakula kimeiva. Alikula ugali wa Baba wote bila kulalamika, na sijawahi kuona toba kubwa kuliko ile. Nyuma ya pazia, Mama alikuwa analia na kucheka pamoja.

Kiangazi kilipofika, Mama alisimama. Tulikwenda Gashoho kuwaonyesha watoto. Babu, ambaye zamani aliikataa sana posa ya Mkongomani, alimwona Mama akiingia uani mikono mitupu, na Baba nyuma yake na pacha mgongoni. Aliinuka, akampa Baba kiti chake mwenyewe. Bibi akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Siku hizi vijana wetu wanabeba watoto vizuri sana, mradi kamera iko tayari. Picha ikiisha, mtoto anarudishwa kwa mama yake. Harusi zina keki ya ghorofa na magari yenye maua. Za enzi zetu zilikuwa za chai na maandazi, kwaya ikaimba, watu wakarudi kwao kwa miguu. Lakini ahadi ya mwanaume iliishi kuliko suti yake. Sasa naona suti ndizo zinazodumu.