Mama wa Molo Aandikiwa Rihabu

Jumanne nilimpelekea jirani yangu uji katika wodi ya wanawake hapa Nakuru. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama wa Molo aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani. Mkono wa upande ule alikuwa ameubana kifuani kama mtu aliyeficha kuku wa wizi.

Akaja dada wa mazoezi ya viungo, akafungua faili. "Mathe, daktari amekuandikia rihabu."

Mama akaketi wima. "Rihabu? Mimi, nipelekwe kwa walevi? Huyo daktari alinikuta kilabu gani? Sijaonja busaa tangu nizaliwe! Mchukueni mzee wangu!"

Wodi ikacheka, hata wenye mishono, wakijishika tumbo.

"Si ya pombe, mathe. Ni ya mkono. Ukiendelea kuubana hivyo utakauka, usiinuke tena. Nyumbani unafanya kazi gani?"

"Nakamua ng'ombe watatu."

"Kwa mkono mmoja?"

Mama akautoa mkono kifuani polepole. "Haya. Tunaanza wapi?"

Akasimamishwa mbele ya ukuta, akaambiwa apandishe vidole kama buibui. Vikafika usawa wa bega, vikakwama. Akasonya, vikapanda tena kidogo. Dada akachora alama kwa kalamu.

"Kesho tupite hapa."

Nilipotoka, mama alikuwa bado anaikodolea macho ile alama kama kigingi cha jirani aliyeingia shambani kwake.

Nami nimekuwa nikijiuliza ni wangapi wamekataa kutibiwa mkono wakidhani wameitwa walevi. Ningekuwa mimi ninayejaza mafaili, mahali pa "rihabu" ningeandika "kukamua". Nani kule Molo angebisha?