Duka la Kuchuchumaa

Genoveva aliwajua watu wa jiji la Sofia kuanzia chini. Duka lake lilikuwa chumba cha chini ya nyumba, na dirisha la kuuzia lilikuwa usawa wa njia ya waendao kwa miguu, hivyo mteja hakuwa na budi kuchuchumaa. Kiatu kilitangulia, goti likafuata, salamu ikaja mwisho. Alilifungua dirisha hilo miaka ya tisini, kiwanda cha viatu kilipofungwa na yeye na wenzake wakapewa uhuru wote isipokuwa mshahara.

"Shangazi Veva, bia ya baridi ipo?"

"Ipo, kama magoti yako bado yapo."

Hakuolewa, wala hakulalamika. Ni malkia wangapi wanaoinamiwa na mtaa mzima kila siku?

Balaa lilianza mzee Manol, mwenye nyumba, alipofariki. Mwanawe Kamen, aliyelelewa Vienna kwa mama yake, akaja kurithi. Mkataba ulisema duka likifungwa msimu mzima, mpangaji atahesabiwa amehama. Kamen akaingia uani, akakuta mlango wa duka umeshika kutu na buibui ametanda kwenye kitasa. Akapiga picha. Mlango huo hakuna aliyeutumia: Veva alishuka kwa ngazi ya ndani, na biashara yote ilikuwa upande wa barabarani. Lakini warithi wa nyumba hutazama paa. Vifundo vya miguu huwaachia wengine.

Hakimu wa kwanza aliiona picha, akaridhika. Veva hakuwapo kujitetea, kwa kuwa wito wa mahakama ulibandikwa kwenye mlango uleule. Aliyeupokea ni buibui, naye hakutokea. Dirisha likapigiwa mbao, na kwa mara ya kwanza Veva akawa anawaona majirani kuanzia kichwani. Wengi hakuwatambua. Alirudi nyumbani akalia.

Kisha akakata rufaa, kesi ikapanda mahakama ya juu. Jaji Tanchova, mama mtu mzima mwenye kutembelea fimbo, alisoma jalada, akashusha miwani.

"Duka halina mlango, lakini lina wateja? Twendeni tukalione."

Siku hiyo mtaa mzima ulijaa. Mbao zikabanduliwa. Veva akateremka ndani, akawasha taa.

"Mheshimiwa, hapo ulipo utaongea na ukuta," alisema jirani mmoja. "Chuchumaa, mama!"

"Ningeweza kuchuchumaa ningekuwa bado nacheza ngoma," alijibu jaji.

Veva aliona fimbo, akaona goti likisita. Bila kufikiri, kama alivyozoea, akasukuma nje kigoda kidogo kilichofungwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Jaji akakaa. Kilimfaa, kilikuwa kimebonyea katikati kwa kukaliwa sana.

"Kigoda hiki cha nani?" aliuliza jaji.

"Cha mzee Manol, Mheshimiwa. Magoti yalimgomea. Alikaa hapo kila jioni mpaka alipolazwa, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye viatu vya wateja wangu."

"Kweli kabisa!" walipaza sauti wenye viatu.

Kamen, aliyekuwa amesimama nyuma ya wakili wake, akasogea.

"Baba yangu? Alikuwa anafanya nini hapa?"

"Alikuwa anazungumza habari zako, mwanangu."

"Habari gani? Hatukuwa tunaongea."

"Ndizo hizohizo."

Wakili akataka kupinga jambo. Kamen akamzuia kwa mkono.

Mahakama ikatengua hukumu ya kwanza: duka halikuwahi kufungwa, ila lilitazamwa kutoka upande ambao hakuna anayenunulia. Veva arudishiwe chumba chake. Jaji, wanasema, aliondoka na mbegu za alizeti mfukoni, kwa ajili ya uchunguzi.

Veva akafungua tena. Kiatu, goti, salamu. Siku moja wateja walipopungua, vikatokea viatu asivyovijua, vyeusi, vya ngozi nzuri, vimeng'arishwa na mtu asiye na haraka. Vikasimama. Vikaondoka. Vikarudi.

Veva akakisogeza kigoda nje.

"La, shangazi," ilisema sauti kutoka juu. "Hicho cha wazee."

Likashuka goti moja, kisha la pili, kwa shida, kama la mtu anayejifunza ukubwani. Mwisho ukaja uso wa Kamen, umeiva kwa aibu.

"Nikupe nini, mwanangu?"

"Mbegu za alizeti," alisema. "Na hizo habari."