Unyoya Mmoja wa Chiriku

Mtaani walimwita Fundi, kwa sababu hapakuwa na kazi ambayo hajawahi kuiharibu. Kibanda cha ndege kilikuwa cha mkewe, Mama Chiriku, naye alimvumilia mume kama mtu anavyovumilia jino bovu: akitafunia upande wa pili.

Mwaka waliooana, Fundi alitwanga manyoya ya buluu kwenye kinu ili awauzie wachoraji rangi. Akapata vumbi la kahawia. Mkewe akamweleza kuwa ule ubuluu ni mwanga tu unavyocheza kwenye unyoya ulivyojengwa. Ukiuponda, nao umekwenda. Fundi akasema kinu kilikuwa kichafu. Basi huyo ndiye Fundi.

Sasa mwanamke mmoja mwenye hoteli alitaka chiriku mwekundu wa mapokezi. Akiridhika, ndege wa hoteli zake zote wangetoka kwa Mama Chiriku, naye angeacha kibanda kinachovuja apange duka. Alikuwa na chiriku wa njano aliyekuwa akipukutisha manyoya, na ndio wakati wenyewe. Weusi wa kunguru mwili hujitengenezea, hata umlishe chokaa. Wekundu wa chiriku huingilia mdomoni. Tena unyoya uliokomaa ni kama ukucha, haupokei kitu. Lazima alishwe mapya yakiwa yanaota. Kwa hiyo kila asubuhi mama alisaga karoti na pilipili nyekundu, akachanganya na yai. Ndege pilipili haisikii. Anayelia ni msagaji.

Ndege akawa na mabaka, huku njano, huku wekundu. Fundi akasema anafanana na embe lililooza. Mkewe alipokwenda sokoni, akamchovya kwenye kopo la rangi ya nguo.

Mama aliporudi alimkuta ndege mwekundu hadi kucha, anatetemeka, na mume ameketi akijisifu kwamba kazi ya mwezi kaimaliza kabla chai haijapoa.

“Baba watoto,” akasema taratibu, “mbona ulimi umeusahau?”

Kabla hajamwosha, mwenye hoteli huyo akafika. Fundi akasukuma tundu mbele, akasifu. Mgeni akavutiwa. Mama Chiriku angenyamaza tu, duka lingekuwa lake. Lakini kula kwa sifa ya kopo la Fundi kulimkaa kooni.

“Mama, huyo ni wa kopo,” akamwambia mgeni. “Wangu yuko chini yake, bado anaota.”

Akamshika ndege, akang'oa unyoya mmoja wa mkia. Akaeleza kuwa uking'olewa, mwingine huota papo hapo, bila kungoja msimu. Ukitoka mwekundu, amchukue. Ukitoka wa njano, aende kwingine. Mgeni akatazama vidole vyekundu vya Fundi, akacheka, akakubali kurudi.

Mama akamwosha ndege kwa maji ya uvuguvugu, akaendelea na pilipili yake. Fundi akawatangazia majirani kuwa mkewe kafukuza bahati kwa mkono wake. Unyoya ukachomoza mwekundu kama kaa la moto, tangu shinani. Mgeni alipokuja aliutazama huo tu, akaagiza na wengine, akizungumza na mke peke yake.

Fundi akaomba angalau abebe tundu hadi garini, wenye macho waone kuwa walishirikiana.

“Beba,” mkewe akamwambia. “Vidole vibaki nje.”