Tangazo Lililofunga Mtaa

Kaka yangu mtaa ulimpa jina Maswali, na ukikaa naye kidogo tu kwenye foleni utakubali kwamba haukumwonea. Atakuuliza viatu vyako umenunua wapi, vinabana wapi, ukivivua unajisikiaje. Ukimaliza kujibu, anakuuzia soksi.

Kazi yake ni kuandika matangazo. Ofisi yake ni meza yetu ya chakula, ikifika saa ya kula anafukuzwa.

"Watu hawanunui kitu," ananiambia, kidole juu kama anahubiri. "Wananunua kile kinachowakera kiondoke. Ndiyo maana siandiki hata nukta kabla sijauliza."

"Sawa profesa. Sogeza kompyuta, sahani zinakuja."

Namtania lakini anajua, jamani. Kinyozi wetu alikuwa na bango la "Tunanyoa kisasa," mtu haingii. Maswali akaenda kuwahoji akina mama, akagundua wanaona aibu watoto wao wanavyolia pale kitini. Akaandika: "Mlete anayelia. Tuna subira kuliko yeye." Jumamosi benchi likajaa watoto, wanalia kwa zamu kama kwaya. Kinyozi mpaka leo ana pamba masikioni.

Basi akaja fundi wa kuchomelea, yule wa kona. Pande la mtu, miwani nyeusi, maneno machache. "Mageti yamenijaa. Niandikie."

Lazima nikwambie mtaa wetu ulivyokuwa. Mageti tulifunga kwa kipande cha waya, tena ili mbwa asitoke. Na sisi hiyo ilitufaa, maana mama ana pumu. Ikimbana, unakimbia kwa Baba Pacha, jirani mwenye gari, unasukuma geti unapiga kelele "Mimi!" na kabla hujaeleza yeye keshashika funguo. Mama yuko hai kwa mtindo huo.

Maswali akaanza mzunguko wake, nyumba hadi nyumba. Mlango wa nyuma mnafunga saa ngapi? Mkienda kazini anabaki nani?

"Kaka, hayo maswali hata mwizi angeona haya kuyauliza."

Akacheka. Aliporudi macho yanamwaka. "Hakuna aliyeibiwa. Hata mmoja."

"Basi fundi atachemsha nondo zake ale."

"Sikiliza wewe. Geti likigongwa unauliza nini? Nani. Unajibiwa nini? Mimi. Na unafungua! Mtaa mzima unafungulia 'mimi'!" Alikuwa anatabasamu. 

Tangazo lenyewe hili hapa:

"Mchana. Uko peke yako. Geti linagongwa. Nani? Mimi. Mimi nani? Anajua jina la mwanao. Anajua mlango wa nyuma unafunga saa ngapi. Atasema kuna mgonjwa. Atasema haraka. Usifungue. Geti imara, kwa fundi wa kona."

"Ya mgonjwa umeitoa wapi?"

"Niliwauliza, kitu gani kitakufanya ufungue bila kufikiri? Wote jibu moja."

Mama akasoma, akanirudishia simu kama imemuunguza. "Mwanangu, hii inatisha."

"Ndiyo inavyouza, mama," kaka akajibu.

Ikaingia kwenye grupu la mtaa. Wa kwanza kaweka kidole gumba. Wa pili kaandika, "Hii imetokea kweli, mtaa wa nyuma." Wa tatu kaongeza kwamba kwanza wanapiga simu kujua kama uko nyumbani, kwa hiyo msipokee hovyo. Hayo kaka hakuyaandika, lakini nani angemsikiliza? Kwa fundi cheche ziliruka asubuhi mpaka jioni. Mageti yakapanda, bati zito tupu, tundu moja la jicho. Watoto wakaacha kucheza nje. Ukipita unasalimia chuma. Hata Baba Pacha akaweka lake, na siku moja nikaona jicho tunduni linamfuata kaka yangu mpaka kona. Nikamwambia. Akasema, "Wananikubali." Masikini.

Mama alibanwa mchana kweupe, jikoni. Kifua kinapiga mluzi, midomo inabadilika rangi, kile kipampu chake cha dawa tunakitikisa kinatoa hewa tupu. Maswali akatoka mbio. Mimi huku nimempakata mama, napiga simu kwa Baba Pacha. Inaita, inaita, inakatika.

Dirishani nasikia bati la Baba Pacha linagongwa.

"Nani?"

"Mimi!"

Geti halikufunguka.

"Mama anaumwa! Haraka!"

Nikasikia komeo la pili linaingia.

Simu ikatetemeka. Grupu: "Kuna mtu anagonga mageti SASA HIVI. Anasema mama yake mgonjwa. Vilevile kama ilivyoandikwa. Msifungue!"

Nikaandika: "Ni sisi jamani, ni mama!"

Mtu akajibu: "Hiyo simu imeshaibwa. Admin, mtoe." Nikatolewa. Nimetolewa kwenye magrupu mengi kwa sababu ya mdomo wangu, ila hili ndilo la kwanza nililolilia.

Maswali aligonga mtaa mzima. Palipokuwa wazi ni mahali pamoja tu, karakana ya fundi. Haina geti. Fundi akaja na pikapu yake, tukampakia mama katikati ya nondo, nikamshika kichwa kisigonge chuma. Hospitali walimuwahi.

Njiani fundi alisema jambo moja tu. "Wewe kijana unaweza. Tangu uanze kugonga, oda hazikatiki."

Mama amerudi. Daktari kasema atabanwa tena, hajui lini. Maswali amekaa pale mezani na sahani hakuna anayezileta. Anaandika tangazo la kuwafanya watu wafungue mageti, anafuta. Nikamwambia, "Si uende ukaulize? Ndiyo kazi yako." Nilikusudia utani, lakini alinyanyuka kweli.

Niko dirishani namwangalia. Amefika geti la Baba Pacha, amegonga taratibu, kwa adabu.

"Nani?"

Kaka yangu mkono uko juu ya bati, mdomo wazi, anatafuta neno jingine. Tundu limeingia giza, kuna jicho.

Nyuma yangu mama ananiita kutoka kitandani, sauti nyembamba: "Wamefungua?"