Vidole Vyangu na Udi wa Baba

Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto juu ya kifuniko cha sufuria ya wali yana harufu yake, na mwaka ule nyumba yetu ya mtaa wa Xiaobei, huku Uchina, ilinukia hivyo kila jioni baada ya magharibi. Nilikuwa na miaka minane. Tuliishi ghorofani, Baba, Mama na mimi, katikati ya maboksi ya nguo yaliyongoja kontena la Zanzibar. Baba alinipaka mafuta vidoleni, akavivuta kimoja kimoja, kisha akanipakatisha udi wa nyuzi aliorithi kwa babu. Tumbo la udi lilinifika kidevuni. Mkono wangu uliuzunguka kwa shida, na kidole cha mwisho hakikuufikia uzi aliotaka niubane. "Kitafika tu, Salma," alisema. "Kaza moyo." Sikuelewa moyo unahusiana vipi na urefu wa kidole.

Nilikuwa pia na baiskeli ya kijani, iliyonunuliwa kubwa makusudi ili nisije nikaizidi upesi. Asubuhi moja niliteremka nayo kilima nyuma ya jengo letu. Nikanyoosha vidole kutafuta breki, vikagusa chuma bila kukikamata, nikaingia moja kwa moja kwenye mkokoteni wa marobota ya vitambaa. Mchukuzi alinifokea kwa Kichina, kisha akainama akanifuta damu gotini kwa taulo la shingoni mwake. Nyumbani Mama hakunigombeza. Aliichunguza baiskeli, akaona skrubu ndogo ubavuni mwa breki, akachukua bisibisi na kuizungusha mpaka mkono wa breki ukasogea karibu na usukani. "Haya, bana." Nikabana. Ilikuwa rahisi mno, hata nikapandwa na hasira nisiyojua ni dhidi ya nani.

Jioni ile, Baba aliponishika vidole, nilimuuliza, "Baba, skrubu ya udi iko wapi?" Mama alicheka. Baba hakucheka. "Udi haumfuati mtu," alisema. "Mtu ndiye anayeufuata."

"Baba Salma, mtoto anaumia," Mama akasema. "Kuna duka mtaa wa pili linauza fidla ndogo za watoto."

"Fidla kila mtoto wa huku anapiga," Baba akajibu, akaendelea kuvuta. Niliwatazama mmoja baada ya mwingine. Sikujua watoto wa huku ni akina nani, wala kama mimi nimo.

Ikaja Idi. Watanzania walikusanyika kwenye mkahawa wa ghorofa ya chini, pilau ikapakuliwa, na Baba akanikalisha mbele ya watu na udi, nipige wimbo wa babu. Nilipofika kwenye sauti ya ule uzi nisioufikia, niliiacha nikapiga nyingine iliyokuwa karibu na kidole changu, na wimbo ukashika njia yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Baba akainuka, akatoka. Nilimkuta ngazini, macho mekundu.

"Umeufanya nini wimbo wa babu yako?"

"Nimeusogeza, Baba."

"Ni mzuri," akasema. Kisha akauchukua udi mikononi mwangu, na hakunifundisha tena. Siku chache baadaye nilikuta fidla ndogo juu ya kitanda changu. Hakuna aliyenieleza lolote. Kwa miaka mingi sikujua kama siku ile nilishinda au nilifukuzwa.

Siku hizi mzazi wa Xiaobei huagiza kwa simu ala ya saizi ya mwanawe, ikaletwa mlangoni. Mimi nafundisha fidla upande wa Haizhu, mji uleule, na darasani kwangu hakuna mtoto anayevutwa vidole. Nafurahi, ingawa mara nyingine huwatazama nikahisi kuna kitu wamekikosa, nisiweze kukitaja. Baba na Mama wamekwisharejea Unguja. Mwaka jana nilimuuliza Baba kwenye simu kwa nini alining'ang'aniza udi vile. "Niliogopa utakuwa mtu wa huko," akasema. Na ndivyo nilivyo. Tukiagana huniuliza nitarudi lini. Unguja nimewahi kwenda kama mgeni tu, nami bado natafuta namna ya kumuuliza: mtu anarudije mahali ambako hakuwahi kuishi hata akaondoka.