Kisima Ambacho Bibi Hakukitaja

Jumapili iliyopita niliteremka Kisesa nikapanda bodaboda hadi kigangoni kwetu, kwa sababu katekista alinipigia simu. Viwanja vinapimwa na kupewa namba, alisema, kwa hiyo parokia inaandika majina ya mahali kabla hayajapotea: majabali, vijito, malisho, hata njia za ng'ombe. Kaunta buku, daftari nene la parokia, lilikuwa karibu kujaa. Palibaki pengo moja, kisima cha chini ya majabali karibu na ziwa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unachota pale, mwanangu. Kiliitwaje?"

Ndugu yangu, maji yale ndiyo yaliyonikuza. Nililelewa na bibi. Asubuhi niliamshwa na harufu ya michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka, nikala na karanga, kisha nikaambiwa, "Nenda kule kwa Mzee kabla ng'ombe hawajavuruga maji." Nilirudi nimelowa mgongo mzima, nikinuka dagaa walioanikwa juu ya mawe njia nzima. Akiona ndoo nusu, bibi aliuliza kama nimeinywesha njia. Nilikuwa mvivu, nakiri.

Kisima kilichimbwa na baba mkwe wake, kikaitwa kwa jina lake. Na kwetu mke hatamki jina la mkwewe, hata likiwa jina la kisima. Wanawake wote waliochota pale walikuwa wameolewa katika ukoo uleule, basi wote walisema "kwa Mzee", nasi watoto tukafuata. Babu, ambaye angeweza kulitamka, alikuwa amekwisha kufa.

Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu alituagiza tuchore ramani ya nyumbani na kuandika majina. Nilimbana bibi: "Si uniambie tu, hakuna anayesikia." Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo barabarani. Akamwita jirani, binti wa ukoo uleule, si mke, aliyekuwa amerudi kwao baada ya kuachika, kisha akatupa kisogo na kuanza kugeuza dagaa. Jirani akalitamka. Nikaliandika, nikapata tisa kwa kumi, nikaringa wiki nzima.

Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilipotea pamoja na daftari lake, maana mwaka uliofuata bibi alifungia karanga katika kurasa zile, nami nikimkunjia.

Katekista alisubiri, kalamu mkononi. Nilijaribu hili, nikajaribu lile, yote siyo. Jirani ametangulia siku nyingi. Kisima kimefukiwa, na juu yake pana msingi wa nyumba. Mwishowe akaandika "Kwa Mzee", akafunga kitabu, akanikaribisha chai. Niliona aibu, na bado naona.

Bibi hakulitamka jina lile maisha yake yote, na hakulisahau hata siku moja. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kulitamka kila nilipobeba ndoo, nikaridhika kuliandika.